Futi mbili za Birkdale

Septemba 2025, kwenye Kombe la Ryder kati ya Marekani na Ulaya, katika uwanja wa Bethpage Black, jimboni New York, Rory McIlroy wa timu ya Ulaya alilazimika zaidi ya mara moja kuuacha mpira na kugeuka kuwatazama waliokuwa wakimtukana. Tiketi ya siku moja iliuzwa dola 750, na wapo walioona kwamba bei hiyo imewanunulia na ruhusa ya kutukana. Mshereheshaji aliyewekwa pale penye shimo la kwanza achangamshe umati alishiriki kibwagizo cha matusi, akaachia ngazi kabla mashindano hayajaisha. Kinywaji kilichorushwa kiliigonga kofia ya mke wa McIlroy. Ulaya walishinda kwa pointi 15 dhidi ya 13, na viongozi wa gofu ya kulipwa ya Marekani wakabaki na kazi ya kuomba radhi.

Kombe la Ryder litatimiza miaka 100 mwaka 2027, na sherehe itakuwa Adare Manor, Ireland, mwezi Septemba. Bila shaka zitasomwa hotuba nyingi kuhusu uungwana wa mchezo huu. Zote zitarudi, zitake zisitake, kwenye mpigo mmoja wa mwaka 1969 ambao haukupigwa.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Mashindano mengi ya gofu huhesabu mipigo yote, siku hata siku, na mwenye michache ndiye bingwa. Kombe la Ryder ni mtu kwa mtu, au wawili kwa wawili, shimo kwa shimo. Anayelimaliza shimo kwa mipigo michache amelichukua; mwenye mashimo mengi mwisho wa safari anaipa timu yake pointi moja; wakitoka sare, kila upande unapata nusu. Na kuna ruhusa ambayo mtindo ule wa kuhesabu mipigo hauijui: mpira wa mpinzani ukiwa umelala karibu na shimo, unaweza kumwachia. Unamwambia auokote, ihesabiwe kwamba ameuingiza.

Aliyelianzisha kombe hili hakuwa mwanamichezo. Samuel Ryder alikuwa mfanyabiashara wa mbegu wa mji wa St Albans, Uingereza, aliyejipatia utajiri kwa kuuza vipakiti vya mbegu kwa posta, kila kimoja peni moja. Gofu aliijia utu uzimani, umri ukikaribia miaka 50, kwa kutafuta afya, akamwajiri Abe Mitchell awe mwalimu wake. Mwaka 1926 Waingereza waliwachapa Wamarekani huko Wentworth katika mechi isiyo rasmi, na Ryder akaona jambo hilo lafaa kuendelezwa. Husimuliwa kwamba aliahidi kila mchezaji wa timu itakayoshinda paundi 5, kisha karamu ya shampeni na sandwichi za kuku. Kikombe cha dhahabu alichokitoa kiligharimu paundi 250, na kile kimtu kinachosimama juu ya kifuniko ni mfano wa Mitchell. Kwa bahati mbaya, timu ilipopanda meli mwaka 1927 kwenda Worcester, Massachusetts, Mitchell alikuwa mgonjwa wa kidole tumbo, akabaki nyumbani. Wenzake walifungwa 9½ kwa 2½.

Kutoka hapo hadithi ni ya upande mmoja. Uingereza ilishinda nyumbani mwaka 1929 na 1933, vita vikasimamisha mashindano, na mwaka 1947 yakafufuliwa kwa fedha za Robert Hudson, mfanyabiashara wa matunda wa Oregon, aliyewagharimia wageni safari na kuandaa kila kitu. Waingereza walikula chakula chake wakarudi nyumbani wamefungwa 11 kwa 1. Ushindi wa Lindrick mwaka 1957 ulikuwa mvua ya kiangazi. Kufikia mwaka 1967, katika mashindano 17, Marekani ilikuwa imeshinda 14.

Ndipo tunapofika Royal Birkdale, kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya Southport. Neil Sagebiel, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu siku tatu hizo, haanzi na waungwana. Anaanza na watu waliokuja kugombana.

Nahodha wa Uingereza, Mskoti Eric Brown, aliwaambia vijana wake wasisaidie kutafuta mipira ya Wamarekani itakayopotea majanini. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kikanuni: kwamba aliyeukanyaga mpira wa mwenzake kwa bahati mbaya angeweza kuadhibiwa. Lakini gofu ina mila zake, na kumsaidia mpinzani kutafuta mpira ni mojawapo ya zile za kale. Magazeti yaliiona amri ile kama tangazo la vita.

Siku ya pili moto ukawaka kweli. Ken Still na Dave Hill wa Marekani walikuwa wakicheza na Brian Huggett na Bernard Gallacher, kijana wa miaka 20. Tangu mwanzo Still na Huggett walikuwa wakikwaruzana kuhusu nani asimame wapi mwenzake anapopiga. Penye shimo la saba Hill alikosa, kisha akausukumia ndani mpira wake uliobaki karibu, bila kungoja zamu. Waingereza wakadai kanuni ifuatwe. Still alifura, akawaambia wachukue shimo hilo na kombe lao pia. Watazamaji wakazomea, viongozi wakaingia uwanjani kutuliza. Wamarekani hao wawili ndio walioshinda mechi, lakini hewa ilikwisha kuchafuka.

Katika timu hiyo ya Uingereza alikuwamo mtu ambaye mashabiki wa Nairobi hawakuhitaji kutambulishwa: Maurice Bembridge, bingwa wa Kenya Open mwaka 1968 na tena mwaka huohuo wa 1969. Lakini macho ya nchi nzima yalikuwa kwa Tony Jacklin, mtoto wa dereva wa lori kutoka Scunthorpe. Miezi miwili kabla, alikuwa Mwingereza wa kwanza kulitwaa taji la Open ya Uingereza katika miaka 18. Upande wa pili alikuwapo Jack Nicklaus, umri miaka 29, tayari nguli, lakini ndiyo kwanza anacheza Kombe la Ryder kwa sababu kanuni za chama cha wachezaji wa kulipwa zilimtaka atumikie muda kwanza.

Siku ya mwisho, asubuhi, Jacklin alimfunga Nicklaus: mashimo manne mbele, matatu yakiwa yamebaki. Alasiri wakapangwa tena pamoja, mechi ya mwisho kabisa. Walipofika shimo la 17, Jacklin alikuwa nyuma kwa shimo moja, na mpira wake ulikuwa futi 50 hivi kutoka kwenye tundu. Aliuviringisha ukaingia. Sauti ya umati ikavuka vilima.

Huggett aliisikia. Alikuwa kwenye shimo la 18 akicheza na Billy Casper, mbele yake mpigo mfupi wa kutoa sare. Akadhani kelele ile maana yake Jacklin ameshinda, kwamba mpigo huu ndio unaoleta kombe nyumbani. Akauingiza, akamwangukia nahodha Brown kifuani akilia. Kumbe Jacklin alikuwa amesawazisha tu. Matokeo yalisomeka 15½ kwa 15½, na watu wawili walikuwa bado uwanjani.

Jacklin amesimulia mara nyingi safari ya shimo lile la mwisho. Nicklaus alimwuliza kama ana wasiwasi. Jacklin akakiri kwamba hofu imemjaa. Nicklaus akamjibu kwamba, kama inamfariji, hata yeye yu hivyo hivyo.

Wote walifika kwenye grini. Jacklin akapiga kutoka mbali, mpira ukasimama futi mbili hivi kabla ya shimo. Nicklaus alitaka kulimaliza jambo, akapiga kwa nguvu, mpira ukapita futi nne au tano. Akausoma mteremko, akauingiza. Kisha akainama kuutoa mpira wake tunduni, na kwa mkono uleule akaiokota sarafu iliyowekwa kuonyesha mpira wa Jacklin ulipolala. Alimwambia kwamba haamini angeukosa, ila katika hali kama ile asingempa nafasi ya kuukosa. Mechi sare. Kombe zima sare, 16 kwa 16, kwa mara ya kwanza tangu lilipoanza 1927.

Sam Snead, nahodha wa Marekani, alighadhibika. Kwake yeye walikuwa wamevuka bahari kushinda, na mpigo wa futi mbili hukoswa kila siku. Wachezaji wake kadhaa waliona hivyohivyo. Tusiwabeze: walio na kombe hubaki nalo kukiwa na sare, kwa hiyo Nicklaus hakulitoa kombe, lakini aliutoa ushindi. Aliuona uzito ambao Snead hakuuona: kijana aliyebeba gofu ya nchi yake, akikosa futi mbili hizo mbele ya watu wake, angeandamwa nazo maisha yote.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nicklaus aliongeza fundisho gumu zaidi, la mtu anayekataa kushinda kwa aibu ya mwenzake.

Yaliyofuata yasimuliwe kwa ufupi. Nicklaus aliendelea kuonya kwamba pambano linakufa kwa kukosa ushindani, na mwaka 1979 Uingereza na Ireland zikawa Ulaya. Kati ya walioingia kwa mlango huo ni Mhispania Severiano Ballesteros, aliyekuwa ametwaa Kenya Open mwaka uliotangulia. Mwaka 1985 Ulaya ilishinda, nahodha Jacklin. Mwaka 1987 Wamarekani wakafungwa kwao kwa mara ya kwanza, tena Muirfield Village, uwanja aliouchora Nicklaus mwenyewe. Nahodha aliyefungwa alikuwa Nicklaus. Aliyemfunga ni yuleyule Jacklin.

Tangu hapo Ulaya imeshinda mara nyingi kuliko kushindwa, na fedha zimeongezeka kuliko kumbukumbu. Pale Bethpage kila mchezaji wa Marekani alitengewa dola 500,000, nyingi zikiwa za kutoa sadaka, na nyingine zake mwenyewe. Sina ugomvi na malipo. Ugomvi wangu ni na waandaaji wanaoipamba historia ya 1969 katika filamu za matangazo, halafu wanaajiri mtu wa kuongoza umati ulio tayari kutukana.

Kanuni za gofu zina kifungu kifupi kuhusu kuachiana: ukishaachiwa mpigo huwezi kukataa, na aliyeachia hawezi kujirudi. Jacklin hakuulizwa kama anataka. Sarafu yake ilikwisha kuokotwa, mkono umenyooshwa, na kilichobaki ni kuupokea.