Shimo kwenye Dashibodi

Land Rover za miaka ya 50 na 60 zilitoka kiwandani bila redio, na bila hata mahali pa kuiweka. Kwa hivyo ukiipata moja huku Wajir, usianze na injini. Anza na dashibodi. Ile niliyoonyeshwa Griftu, ambayo siku hizi kazi yake ni kuwapa mbuzi kivuli, ina shimo la mstatili lililokatwa kwa tindo. Kingo hazijanyooka. Kuna mtu aliamua kwamba hii gari lazima iongee.

Sisi wa Nairobi tukisikia gari kuukuu limeongezewa kitu cha kisasa, tunafikiria raha tu: skrini, kamera ya nyuma, spika za kutikisa mtaa. Huku kaskazini redio haikuwa raha tu. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, mwezi uleule wa Uhuru, na ikaondolewa 1991. Miaka 28. Kutembea kulikuwa chini ya serikali, mifugo chini ya serikali, na habari pia. Sauti ya Kenya ilisema lake kutoka Nairobi, Redio Mogadishu ikasema lake kutoka ng'ambo ya mpaka. Uzito wa redio utauona kwenye makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyomaliza vita vya Shifta. Kenya na Somalia zilikubaliana pia kuacha kurushiana propaganda redioni. Watu wanajadili bunduki na mpaka, na redio nayo iko mezani! Aliyetaka sauti ya tatu alitafuta idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza 1957.

Kuinasa sasa. Redio nyingi za gari zilitengenezewa miji iliyo karibu na mitambo. Griftu ilihitaji mawimbi mafupi. Redio za zamani za valvu zilikula betri vibaya. Redio ya gari ya transista tupu ilitoka Marekani 1955, tena kwa bei ya wenye pesa. Halafu kuna kelele. Kwenye injini ya petroli, kila cheche ya plagi inaingia redioni kama mahindi yanayokaangwa. Dizeli haina plagi za cheche, kwa hivyo mtu wa lori alisikia vizuri kuliko mwenye Land Rover ya petroli.

Lakini lori nalo lina mambo yake. Malori mengi ni ya volti 24, betri mbili za volti 12 zimeunganishwa. Redio inataka 12. Njia ya mkato ni kuchukua waya kutoka betri moja. Redio itaimba, sawa, lakini betri hiyo itachoka peke yake huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na siku moja lori litakataa kuwaka mahali ambapo hakuna wa kukusukuma. Dereva mmoja mstaafu, ambaye mimi humwita adeer kwa heshima ya umri wake, aliniambia walikuwa wakibadilishana betri hizo nafasi kila baada ya safari chache. Hakusomea umeme popote.

Halafu ikaja kaseti. Philips waliionyesha 1963, na kufikia 1968 walikuwa na redio ya gari inayoimeza. Kwa Wasomali ilifika wakati wake. Lugha yao haikuwa na maandishi rasmi hadi 1972, na mashairi, mikataba na matusi ya heshima vyote vilikaa kichwani. Mtu aliyeenda kutafuta riziki Ghuba hakuandika barua. Alirekodi kaseti, ikasafiri mkono kwa mkono hadi nyumbani. Mwaka 1979 mshairi Gaarriye alianzisha mnyororo wa mashairi ulioitwa Deelley, wengine wakamjibu, mabishano yakamgusa Siad Barre mwenyewe. Mashairi yale yalisambaa kwa kaseti, ikinakiliwa moja kutoka nyingine. Na kaseti inataka mashine. Kwa familia nyingi zisizo na stima, mashine ilikuwa kwenye gari, na gari moja lilisikilizwa na kijiji kizima, milango ikiwa wazi.

Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Kidegodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Serikali ilitaja vifo 57. Manusura wanahesabu kwa mamia, wengine kwa maelfu. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, alilisema bungeni, lakini ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoka 2013, karibu miaka 30 baadaye. Kwa muda wote huo kumbukumbu ilikaa midomoni, na midomo hufa. Kwa hivyo sauti yoyote ya Wajir iliyorekodiwa kabla ya hapo ina thamani, hata kama ni mtu anaulizia ngamia wake tu. Huenda ndiyo sauti pekee iliyobaki ya mtu huyo.

Sasa Land Cruiser zilizozeeka zinaingizwa Bluetooth. Fundi wa Kirinyaga Road anaing'oa redio ya zamani, anaunganisha nyaya za spika, na kazi imeisha kabla chai haijapoa. Mimi sipingi. Kupiga simu mikono ikiwa kwenye usukani, kwa barabara hizi, ni jambo la maana. Ninachouliza ni ile redio ya zamani inaenda wapi. Mara nyingi inaenda kwenye gunia la vyuma chakavu, na kaseti bado iko ndani, imekwama tangu mkanda uliponaswa.

Mkanda ulionaswa hutoka kwa bisibisi na subira. Ganda likivunjika, mkanda unahamishiwa ganda jingine, na simu hiyohiyo ya Bluetooth inaweza kuurekodi. Mwambie fundi afungue kabla hajatupa. Halafu mpelekee mzee wa nyumbani asikilize, akuambie ni sauti ya nani.