Chemirocha, Nusu Mtu Nusu Swara

Jamaa mmoja aliniambia kwenye baa huko Thika Road kwamba country ni muziki wa wazungu, basi. Alisema hivyo meza nzima ikiimba Kenny Rogers macho yamefumbwa. Sikubishana naye. Nilikuwa nawaza Kapkatet.

Vitabu vingi huanzia Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia. Mwishoni mwa Julai 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifunga mitambo yake humo na kuita waimbaji wa milimani. Tarehe 1 Agosti iliingia studio familia ya Carter: A.P., mkewe Sara, na Maybelle aliyekuwa na mimba kubwa. Tarehe 4 akaingia Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa zamani wa reli, kifua kikuu tayari kimemkamata. Wengine huita wiki hiyo siku ya kuzaliwa kwa country. Mimi naona hapo mtoto aliandikishwa tu. Banjo ilikuwa imeshavuka bahari vichwani mwa watumwa kutoka Afrika. DeFord Bailey, mtu mweusi, alikuwa tayari anapiga harmonika kwenye redio ya WSM kule Nashville. Mwaka 1941 walimwachisha, akaishi kwa kung'arisha viatu. Na A.P. alipozunguka kutafuta nyimbo, alitembea na mpiga gitaa mweusi, Lesley Riddle, aliyezishika tuni kichwani kwa ajili yake.

Rodgers mwenyewe alichukua blues na kuipandisha ile sauti yake inayovunjika ghafla na kuruka juu. Mwaka 1930 alirekodi na Louis Armstrong. Mei 1933, New York, alikuwa akirekodi wimbo mmoja, analala kitandani palepale studio, anaamka kuimba mwingine. Siku mbili baadaye akafa. Alikuwa na miaka 35.

Lakini santuri hazifi. Zake zilifika kwa Wakipsigis pamoja na gramafoni, na jina likapita kwenye ulimi wa wenyeji likatoka Chemirocha. Likawa jina la kitu chochote kigeni kisichoeleweka. Sasa, sauti bila mwili, ndani ya sanduku, inalia namna ile: wewe ungemchora vipi mwenyewe? Wasichana walimpa nusu ya mtu na nusu ya swara.

Hugh Tracey aliwarekodi Kapkatet mwaka 1950, miaka 17 baada ya Rodgers kuzikwa. Chemutoi Ketienya anaongoza, wenzake wanaitikia, na chepkong, kinanda chao cha nyuzi, inazunguka chini. Wanamwita mgeni huyo aje acheze. Wimbo ni mfupi kuliko kungoja chai ipoe.

Wiki iliyofuata nilimsikilizisha yule jamaa kwenye simu, sikio moja yeye, sikio moja mimi. Akarudia mara tatu. Kisha akauliza, "Na huyu Chemirocha ni wa kwa nani?"