Kilosa: Njia ya kuwa fundi umeme mwenye cheti

Kijana wa wilayani Kilosa anayetaka kuwa fundi umeme hana haja ya kukimbilia Dar es Salaam. Chuo cha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) kipo Mikumi, mji ulio ndani ya wilaya hiyo hiyo, kando ya barabara kuu iendayo Iringa.

VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mafunzo yake yana ngazi 3, na mwanachuo hutoka karakanani kwenda kazini kwa muda, chini ya fundi mzoefu. Anayetaka kusonga mbele huingia vyuo vya ufundi: diploma ni ngazi ya 6, shahada ya 8.

Mafundi wengi wa mitaani hawakupita huko. Walianza kwa kumbebea fundi mkuu vifaa, wakatoboa kuta na kuvuta nyaya miaka kadhaa bila karatasi yoyote. Mikono yao huenda ni myepesi kuliko ya mhitimu. Hata hivyo TANESCO hudai muhuri wa mkandarasi aliyesajiliwa kabla ya kuunganisha nyumba, na leseni hutolewa na EWURA kwa madaraja. Ndipo fundi hulazimika kumlipa mwenye muhuri kwa kazi aliyoifanya yeye, na mwenye muhuri pengine hata nyumba hajaiona. Waya wa ardhini ukiwa umesahauliwa, nani atajua?

Kwa mafundi hao VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo, huongezewa anachopungukiwa, kisha hupewa cheti. Leseni huombwa baada ya hapo, EWURA.