Mwamba ngoma huvutia kwake: Nina Simone na wanamuziki wenzake

Mara nyingi tunapomkaribisha msanii studio na kumuuliza anamwonaje mwenzake, jibu lake huanza na neno "mimi". Mimi nilianza kabla yake. Mimi ndiye niliyemfungulia njia. Kipindi kikiisha, ujumbe wenu huanza kuingia. Wengine wanasema msanii yule ana majivuno, wengine wanasema ametoa ya moyoni na ana haki yake.

Leo tunalitazama jambo hili kupitia mwimbaji mmoja wa Marekani, marehemu Nina Simone. Alijulikana kwa sauti nzito, vidole vyepesi kwenye piano na ulimi usioogopa mtu. Maneno yake juu ya wanamuziki wenzake yalikuwa makali. Ukiyafuatilia hadi yalikoanzia, utaona kwamba mara nyingi alipowataja wenzake alikuwa akijisimulia yeye mwenyewe.

Nina Simone ni nani?

Jina lake la kuzaliwa ni Eunice Kathleen Waymon. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1933 katika mji mdogo wa Tryon, North Carolina, kusini mwa Marekani. Mama yake alikuwa mhubiri, na Eunice alianza kupiga piano kanisani akiwa bado mtoto mdogo.

Mwalimu mmoja mzungu, Muriel Mazzanovich, alimfundisha muziki wa Ulaya wa Bach na wenzake. Watu wa mji wakachanga fedha ili masomo yaendelee. Ndoto ikawa moja tu: awe mpiga piano mweusi wa kwanza mwenye jina kubwa katika kumbi za muziki huo.

Akiwa na umri wa miaka kama 12 aliandaliwa onyesho. Wazazi wake walikuwa wamekaa mbele, wakaambiwa wahamie nyuma kuwapisha wazungu. Eunice alikataa kupiga hadi wazazi wake waliporudishwa mbele. Mlikumbuke tukio hili, kwa sababu Nina wa ukubwani alikuwa yuleyule. Alitaka heshima itangulie, ndipo muziki ufuate.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1951 aliomba nafasi katika chuo cha muziki cha Curtis, mjini Philadelphia. Akakataliwa. Hadi mwisho wa maisha yake aliamini kwamba alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Vladimir Sokoloff, mwalimu wa Curtis aliyemfundisha baadaye kwa masomo ya faragha, alisema rangi haikuhusika. Hata hivyo jeraha lilibaki.

Alihitaji fedha, kwa hiyo mwaka 1954 akachukua kazi ya kupiga piano kwenye baa ya Midtown huko Atlantic City, kwa dola 90 kwa wiki. Mwenye baa akamwambia lazima aimbe pia, la sivyo kazi hana. Mama yake asingekubali kusikia kwamba binti yake anapiga muziki wa baa, hivyo akajipa jina jipya la Nina Simone ili asijulikane.

Kwa hiyo mwimbaji huyu maarufu hakuwa amepanga kuwa mwimbaji. Kwake uimbaji ulikuwa kazi ya kupata mkate baada ya ndoto kuvunjika. Ndiyo maana alipowatazama waimbaji wengine hakujiona mmoja wao. Alijiona mpiga piano wa kumbi kubwa aliyepotezwa njia.

Kwa nini hakutaka kufananishwa na Billie Holiday?

Magazeti yalipenda kumfananisha na Billie Holiday, mwimbaji mkubwa wa jazi aliyemtangulia. Kwa mwimbaji mwingine hiyo ingekuwa sifa kubwa. Nina ilimkera.

Katika mahojiano ya miaka ya 1990 alilalamika kwamba watu walimfananisha na Holiday kwa sababu tu wote wawili ni weusi. Aliuliza kwa nini hawakumfananisha na Maria Callas, malkia wa opera, ambaye yeye alijiona kuwa karibu naye zaidi. Hata neno "jazi" alilikataa. Alisema ni jina ambalo wazungu waliwabandika watu weusi, na muziki wake akauita muziki wa weusi wa daraja la juu, kama ule wa Bach kwa Ulaya.

Hapa kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni hoja ya kweli. Marekani ya wakati ule iliwatupa wasanii weusi wote katika kapu moja, na mtu aliyesoma Bach kwa miaka mingi ana haki ya kusema kapu hilo si lake.

La pili ni kujiona. Ili ajitoe kwenye kapu, Nina alimsukuma mwenzake chini. Na Holiday alikuwa amempa mengi. Wimbo uliomtoa Nina mwaka 1959 na kumwingiza kwenye nyimbo 20 bora za Marekani ni "I Loves You, Porgy", kutoka opera ya George Gershwin. Nina aliujua kupitia rekodi ya Billie Holiday. Mwaka huohuo wa 1959, mwezi Julai, Holiday alifariki dunia.

Baadaye Nina alirekodi pia "Strange Fruit", wimbo kuhusu watu weusi walionyongwa na makundi ya wazungu, ambao Holiday aliufanya ujulikane tangu mwaka 1939. Akarekodi na "Don't Explain", ambao Holiday alishiriki kuutunga. Mdomo ulimkataa Holiday, lakini rekodi zinaonyesha kwamba alimsikiliza sana.

"Mmeniibia wimbo wangu"

Mwaka 1964 Nina alirekodi "Don't Let Me Be Misunderstood". Haukupata umaarufu mkubwa. Mwaka uliofuata bendi ya vijana wa Uingereza, The Animals, iliuimba kwa mtindo wa roki na ukavuma pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Mwimbaji wa bendi hiyo, Eric Burdon, amesimulia kwamba siku waliyokutana, Nina alimvaa kwa matusi na kumwambia ameiba wimbo wake.

Lakini wimbo ule haukutungwa na Nina. Watunzi wake ni Bennie Benjamin, Horace Ott na Sol Marcus. Kwa sheria, kila mmoja anaweza kurekodi wimbo kama huo mradi watunzi walipwe. Kwa nini basi aliuita wake? Kwa sababu akishaimba wimbo, alihisi umekuwa nyama ya mwili wake.

Tusimhukumu haraka lakini. Nina aliibiwa kweli, ingawa si na vijana wale. Albamu yake ya kwanza aliiuza haki zake kwa dola 3,000 tu. Ndani yake kulikuwa na wimbo "My Baby Just Cares for Me". Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1987, wimbo huo ulitumika kwenye tangazo la manukato ya Chanel na ukapanda hadi nyimbo tano bora za Uingereza. Faida ya haki zile alikuwa ameshaiuza ujanani. Mtu aliyepitia hayo huanza kumwona kila anayeimba karibu naye kuwa mwizi.

Akiudharau wimbo, aliupiga vipi?

Mwaka 1976 Nina alipiga kwenye tamasha la Montreux, nchini Uswisi. Onyesho hilo lilirekodiwa kwa filamu. Anaingia jukwaani na kuitazama hadhira kwa muda mrefu bila neno. Katikati ya wimbo anasimama na kumwamuru mtu mmoja wa hadhira akae chini. Ni yuleyule mtoto wa Tryon, akidai heshima itangulie.

Kisha anafika kwenye "Feelings", wimbo wa mapenzi wa Mbrazili Morris Albert, uliokuwa ukipigwa kila mahali wakati ule. Katikati anaukatiza na kushangaa kwa sauti ni hali gani duniani iliyomlazimu mtu kutunga wimbo kama huo. Watu wanacheka.

Halafu anaendelea kuupiga. Piano inafunguka kama kwenye ukumbi wa Bach, anaujenga wimbo ule juu, anaushusha, anawaita watu waimbe naye. Wimbo alioutania dakika chache nyuma unageuka kuwa kitu kikubwa.

Hivyo ndivyo alivyofanya na kazi za wengi. Alirekodi nyimbo za Bob Dylan, Leonard Cohen, Jacques Brel wa Ubelgiji, kundi la Bee Gees, na "Here Comes the Sun" ya George Harrison wa Beatles. Mtu asiyewajali wenzake hatafuti nyimbo zao namna hiyo. Ila kila wimbo aliuvutia kwake, hadi msikilizaji akasahau ulitoka wapi.

Nani aliwapenda?

Wapo wenzake aliowasema vizuri. Mmoja ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kuimba "Malaika". Makeba ndiye aliyemshawishi kwenda Liberia mwaka 1974, wakati mambo ya Nina Marekani yalikuwa yameharibika, na Nina akaishi huko kwa muda. Nina pia alishiriki katika albamu ya Makeba ya mwaka 1991.

Mwingine ni David Bowie wa Uingereza. Nina alisimulia kwamba walipofahamiana mwaka 1974, Bowie alimtia moyo na kumwambia yeye si kichaa. Baadaye Bowie alirekodi "Wild Is the Wind" kwa kuvutiwa na jinsi Nina alivyouimba.

Hawa wawili wanafanana katika jambo moja. Walimtambua. Makeba alimpokea kama dada, Bowie alimwona kama msanii wa kipekee. Aliyemwona Nina kwa ukubwa aliotaka kuonwa, Nina naye alimwona. Aliyemfananisha au kumpita alikumbana na ulimi wake.

Ugonjwa nao una nafasi yake. Katika miaka ya 1980 madaktari waligundua kwamba ana bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia na kumshusha kwa nguvu. Hasira zake nyingi za jukwaani zinaeleweka vizuri zaidi ukilijua hilo. Lakini si haki kuyaweka maneno yake yote kwenye ugonjwa. Hoja zake kuhusu ubaguzi na wizi wa jasho la wasanii zilikuwa za mtu mwenye akili timamu.

Tusikilize vipi msanii anapomsema mwenzake?

Kutokana na habari hii, kuna maswali matatu tunayojiuliza sisi watangazaji kabla ya kurusha maneno kama hayo hewani:

Kwanza, anamsema mwenzake au anasema jeraha lake? Nina alipomkataa Holiday, Curtis ilikuwa bado inamuuma.

Pili, kuna dhuluma ya kweli nyuma ya maneno? Mkataba mbaya na malipo yasiyofika ni habari, na inapaswa kufuatiliwa kwa aliyeuandika mkataba, wala si kwa msanii mwenzake.

Tatu, kazi yake inasema nini? Mara nyingi nyimbo za msanii zina adabu kuliko mahojiano yake.

Nina Simone alifariki tarehe 21 Aprili 2003 nyumbani kwake kusini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 70. Siku chache tu kabla ya kifo, chuo cha Curtis, kile kilichomkataa mwaka 1951, kilimtunuku shahada ya heshima.

Ukiwa na bando, tafuta "I Loves You, Porgy" ya Billie Holiday ya mwaka 1948, kisha ile ya Nina. Sikiliza zote mbili kwa mfuatano, halafu tutumie ujumbe utuambie umesikia nini.