Hina, Piko na Biti: Video ya Arusi Ilivyopunguzwa Uzito

Kupamba, hapa Mombasa, ni usiku wa wanawake. Wanaume hawaingii, kwa hiyo kamera hushikwa na mwanamke, na kazi hiyo ndiyo yangu. Bibi arusi huketi jukwaani kwa saa nyingi, vazi linametameta, mikono imechorwa hina nyekundu na piko nyeusi kutoka vidoleni hadi viwikoni. Hakuna hotuba za kusikiliza. Shangazi aliye Maskat akiletewa video, jambo la kwanza atakalo ni kuiona ile mikono. Wahandisi huisimulia historia ya kubana video kwa majina ya viwango na tarehe zake. Mimi huisoma mikononi: zama zipi zilihifadhi michoro, zipi ziliifuta, na nani alijaliwa kuiona.

Zama za VHS hatukuwa na faili la kubana. Mkanda wa E-180 ulichukua saa tatu, na sherehe ikizidi ulitia mwingine. Taabu ilikuwa kunakili. Uliunganisha deki mbili kwa waya, na mkanda uliotoka ulikuwa hafifu kuliko uliouzaa. Nakala ya nakala ilizidi kufifia, na wekundu ndio uliotangulia kuvuja nje ya mistari. Jamaa wa karibu walipata mkanda mzuri, wa mbali wakapata ukungu.

Dijitali ilikuja na nakala isiyochakaa, ila ilikuwa nzito mno. Picha ya televisheni ya mfumo wetu wa PAL, yenye pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, ikiandikwa bila kubanwa hula zaidi ya megabaiti 15 kila sekunde. CD ya megabaiti 700 ingejaa kabla ya sekunde 50 kutimia, bibi arusi hajafika hata jukwaani.

Dawa yake ilikuwa imeanza kutafutwa zamani. Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, aliomba fedha za utafiti ili achunguze njia mpya ya kihesabu ya kubana picha. Alinyimwa. Mmoja wa waliolipitia ombi lake aliona wazo lenyewe ni jepesi kupita kiasi. Ahmed hakulitupa. Januari 1974 yeye, T. Natarajan na K. R. Rao wakalichapisha, na video nyingi tunazotazama leo zinalitegemea.

Wazo hilo hukichukua kipande kidogo cha picha, tuseme pikseli 8 kwa 8, na kukieleza kwa mawimbi badala ya nukta. Mawimbi mapana hubeba vivuli na umbo la jumla, mawimbi mafupi hubeba mistari myembamba na ncha kali. Jicho la mtu halioni haraka upungufu katika mawimbi mafupi, basi hayo huandikwa kwa makadirio, au huachwa kabisa. Hapo nafasi kubwa huokolewa. Lakini mchoro wa hina, pamoja na maua yake na vijani vyembamba kama uzi, umejaa mawimbi mafupi. Kinachotupwa kwanza na mashine ndicho kinachotafutwa kwanza na shangazi.

Mwaka 1988 kiwango cha H.261 kilipitishwa kwa ajili ya mikutano ya video kwenye nyaya za simu, na mwaka huohuo Leonardo Chiariglione na Hiroshi Yasuda wakaanzisha kundi la MPEG. Lengo lao la awali lilikuwa kuiingiza sinema ndani ya CD, kwa kasi ileile ya CD ya muziki, yaani takriban megabiti 1.4 kwa sekunde. Mwaka 1993 makampuni ya Philips, Sony, Matsushita na JVC yakatoa kiwango cha VCD, na diski hizo zikaja kuenea hadi madukani kwetu.

VCD ilipunguza uzito kwa hatua kadhaa. Picha ilishushwa hadi pikseli 352 kwa 288. Kisha mwanga ukatenganishwa na rangi: mwanga ukahifadhiwa wote, rangi ikabakishiwa robo tu, pikseli 176 kwa 144, kwa sababu jicho hutambua tofauti ya mwanga kwa wepesi kuliko tofauti ya rangi. Tena haikuandika kila fremu upya. Iliandika fremu moja kamili, halafu ikaeleza kilichosogea katika zinazofuata.

Utaiona hesabu hiyo mikononi mwa bibi arusi. Piko ni nyeusi, na weusi wake juu ya ngozi ni tofauti ya mwanga, basi mistari yake ilisalimika. Hina nyekundu juu ya ngozi ya maji ya kunde ni tofauti ya rangi zaidi kuliko ya mwanga, basi ilipopita kwenye ile robo iligeuka doa. Tuliofanya kazi zama hizo tulijua dawa: ikaribie mikono hadi ijaze fremu, mistari ipate pikseli za kutosha, na kamera itulie.

Kutulia kulikuwa na maana yake. VCD iliipa picha megabiti 1.15 kila sekunde, awe bibi arusi ameketi kimya au ukumbi mzima umeinuka kucheza chakacha huku maua yakirushwa. Penye utulivu biti zilibaki, penye ngoma hazikutosha, na nyuso zikakatikakatika kuwa vigae. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ilirekebisha hilo. Pamoja na gigabaiti 4.7 na picha ya pikseli 720 kwa 576, iliruhusu kasi ya biti ipande na kushuka. Mashine ilipitia sherehe nzima mara ya kwanza kuichunguza, mara ya pili kuiandika, ikibana matumizi kwenye utulivu ili itumie kwa wingi kwenye ngoma. Kwa macho yangu, hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko kuongezeka kwa pikseli.

Mwaka 2003 kikaja kiwango cha H.264, kilichoweza kutoa picha ya ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya biti za MPEG-2, kiwango kilichotumiwa na DVD. Kilifuatilia mwendo wa vipande vidogo hadi pikseli 4 kwa 4, na kilikuwa na chujio la kulainisha mipaka ya vile vigae. Wataalamu waliojitolea wakatupatia programu za kubana video, FFmpeg, x264 na HandBrake, bila malipo. Fundi wa mtaa wa Kibokoni asiyeweza kununua programu ghali akawa na zana zilezile zilizotumiwa na makampuni makubwa ya ng'ambo.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa kutoka baharini. Hatukulazimika tena kumtafuta msafiri wa kumpa diski. Lakini uzito haukuondoka, ulihamia kwenye bando. Kwa miaka mingi WhatsApp haikupitisha video ya zaidi ya megabaiti 16. Dakika tatu ndani ya megabaiti 16 ni kama megabiti 0.7 kwa sekunde, picha na sauti pamoja, yaani nusu ya VCD. Na bado video hiyo, ikibanwa vizuri kwa H.264, huonyesha hina ambayo VCD iliifanya doa.

Ndiyo sababu naishikilia kazi hii kwa dhati. Kila mara nabana kutoka kwa faili asili, sibani kilichokwisha kubanwa, maana kila kubana hutupa kitu na hakirudi. Nasafisha chengachenga za gizani kwanza, kwa kuwa mashine huzidhani kuwa ni mwendo na kuzipa biti za bure. Katika x264 nachagua namba ya ubora badala ya ukubwa wa faili, kati ya 18 na 23, namba ndogo ikiwa bora zaidi, na naiacha kompyuta ifanye kazi polepole usiku kucha. Kisha nasimamisha picha penye mikono. Mistari ikiwa imezimika, narudia.

Wenzangu husema ubora ni wa faili kubwa, na mwenye simu ya bei nafuu atosheke na anachopata. Sikubali. Kutoka maabara ya Kansas hadi meza yangu, kazi hii yote imefanywa ili picha imfikie mtu ambaye njia yake ni nyembamba. Anayetazama kwa bando la siku moja ana haki ya kuiona hina ya mpwa wake sawa na mwenye faiba nyumbani. Fundi anayempa chochote kile kwa kuwa faili lazima liwe dogo hajamaliza kazi yake.