Mwanamke aliyeona kiini cha dunia bila kuchimba

Leo siongee siasa wala kazi. Niko na deni, nataka nililipe mbele yenu.

Mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka na muji wa Goma ukatetemeka siku mingi, tulikuwa tunafunga mizigo ili tutoke. Mdogo wangu akaniuliza: «Yaya, huu moto unatoka katikati ya dunia?» Nikamujibu ndiyo, mbio mbio. Diploma nilikuwa nayo tayari. Lakini jibu lilikuwa la uongo. Moto wa volkano unatoka kwenye mawe yaliyoyeyuka juu sana ya kiini cha dunia. Kiini chenyewe kinaanzia karibu kilomita 2900 chini yetu. Hakuna mtu amekwisha kufika huko.

Sasa walijuaje? Walisikiliza matetemeko. Tetemeko likipiga mahali, linatuma mawimbi ndani ya dunia yote. Kuko aina mbili kubwa: yale ya kusukuma, yanapita kwenye mawe na kwenye maji, na yale ya kutikisa pembeni, hayapiti kwenye maji hata kidogo.

Mwaka 1906 Mwingereza Richard Oldham alionyesha kwamba dunia iko na kiini. Mwaka 1913 Mjerumani Beno Gutenberg akapima kina chake. Mwaka 1926 Harold Jeffreys akaonyesha kwamba kiini hicho ni cha maji maji, chuma kilichoyeyuka. Wataalamu wakatulia: kiini ni kimoja, chote kimeyeyuka.

Njo hapo anaingia Inge Lehmann, mama wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1888. Njia yake haikunyooka. Alienda kusoma hesabu Cambridge mwaka 1910, akachoka vibaya, akarudi nyumbani. Akafanya kazi ya mahesabu ya bima miaka kadhaa, akarudilia masomo mwaka 1918, akamaliza akiwa na miaka 32. Baadaye akapewa kusimamia idara ya matetemeko ya inchi yake.

Mwaka 1929 tetemeko kubwa likapiga New Zealand. Kiini cha maji maji kinapindisha mawimbi, kwa hiyo upande wa pili wa dunia kunabaki eneo la kivuli, ambako mawimbi ya kusukuma hayatazamiwi kufika. Lakini mashine za Sverdlovsk na Irkutsk, huko Urusi, ziliandika mawimbi madogo ndani ya kivuli hicho. Kwa wengine, hayo yalikuwa mawimbi yaliyojipinda tu kwenye ukingo wa kiini. Lehmann hakukubali. Aliandika nyakati za mawimbi kwenye vikaratasi, akazipanga ndani ya makartoni, akahesabu kwa mkono, sababu kompyuta haikuwako. Mwaka 1936 akatoa jibu: ndani ya kiini kiko kiini kingine, na mawimbi yale yaligonga juu yake yakarudi.

Sasa tulinganishe. Kiini cha nje kiko na unene wa kilomita karibu 2260. Ni chuma na nikeli vilivyoyeyuka, pamoja na vitu vingine vyepesi. Kinazunguka-zunguka, na mwendo huo njo unazaa nguvu ya sumaku inayovuta sindano ya dira. Kiini cha ndani ni mpira wa chuma na nikeli, kutoka katikati yake hadi ukingo ni kilomita karibu 1220, mdogo kuliko Mwezi. Hapa wengi wanakosea: cha ndani kina joto zaidi, nyuzi 5000 na kupita, lakini njo kigumu. Sababu ni uzito wa dunia nzima unaokikandamiza, mpaka chuma hakipati nafasi ya kuyeyuka. Na dunia inapopoa polepole, chuma cha nje kinagandia juu ya cha ndani, kwa hiyo kinaendelea kukomaa.

Ugumu huo Francis Birch aliutetea mwaka 1940, na Dziewonski na Gilbert wakauhakikisha mwaka 1971. Lehmann alikuwa bado muzima. Alifariki mwaka 1993, na miaka 104.

Deni langu la kwanza nimelipa: mdogo wangu nimekwisha kumurudilia na jibu la kweli. La pili linaniuma zaidi. Katika kazi yangu ya kumaliza masomo nilifuta vipimo vitatu vilivyoharibu mstari wangu muzuri. Nilijiambia mashine ilikosea. Labda ndivyo. Lakini sikuchunguza, na leo sitajua tena vilitaka kuniambia nini.

Wewe unayeandika kazi yako mwaka huu, ile namba inayokusumbua usiifute kwanza. Kaa nayo. Iulize ilitoka wapi.