Kaseti Ilikuwapo, Televisheni Hapana

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, zote mbili kwa amri moja. Wanaoisimulia leo huicheka. Mimi sioni cha kucheka. Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hazina ilipokuja kuzikabidhi mashine hesabu zake, hesabu zikavurugika, na fedha za kigeni zilikuwa zimeshatumika. Kwa nchi maskini, kukizuia kitu cha bei kali kilichokwisha kuitia hasara si ujinga.

Balaa ni kwamba waliopiga marufuku walikuwa na picha ya mashine ya kujaza chumba, na picha hiyo ilikuwa karibu kupitwa. Januari 1975 jarida moja la Marekani liliweka kwenye jalada lake Altair 8800, kompyuta ya kuunganisha mwenyewe iliyouzwa na MITS, kampuni ndogo ya Albuquerque. Machi mwaka uleule vijana wa California wakaanza kukutana gereji ya mwenzao kuonyeshana mitambo waliyojitengenezea. Mmoja wao, Steve Wozniak, ndiye aliyebuni Apple II ya mwaka 1977. Amri ya Dar es Salaam haikuitofautisha mashine ya Hazina na hii ya mezani. Kompyuta ni kompyuta.

Kwa Waingereza wa kipato cha kawaida, jina lililotia fora ni la Clive Sinclair. ZX Spectrum yake ilitoka Aprili 1982, paundi 125 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, paundi 175 yenye 48. Ilikuwa kibao cheusi chenye vitufe vya mpira, bila kioo wala mahali pa kuhifadhia kitu. Kioo kilikuwa televisheni ya sebuleni. Ghala lilikuwa kaseti ya kawaida, ileile ya muziki. Unachomeka waya kwenye redio kaseti, unaandika amri ya kupakia, unabonyeza kitufe cha kucheza, kisha unasubiri. Mlio mkali unatoka, pembeni mwa televisheni inapita michirizi myekundu na ya samawati, halafu ya buluu na njano, na baada ya dakika kama tano mchezo unaanza. Sauti ikiwa juu mno au chini mno, kosa linaandikwa kwenye kioo na unarudisha kaseti mwanzo.

Sasa tuivushe mashine hiyo, kwa mawazo tu, hadi Mbulu, au Katesh wilayani Hanang, ya miaka hiyo, wilaya hizi zilipokuwa bado katika mkoa wa Arusha. Redio kaseti ipo. Ilipiga kwaya na dansi kwa betri kavu, na mwenye nayo alijulikana. Basi nusu ya kompyuta ya Sinclair ilikuwa imeshafika. Nusu ya pili ndiyo iliyokosekana. Televisheni ilikatazwa kwa amri ileile ya 1974, na hata ambaye angeipata asingekuwa na cha kutazama, kwani vituo vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu. (Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970. Muungano una mambo yake.) Umeme nao, vijijini, ulikuwa wa mwenye jenereta.

Kinachonivutia zaidi ni wageni waliokuwapo. Haydom, wilayani Mbulu, Walutheri wa Norwei walifungua hospitali mwaka 1955. Hanang, Wakanada waliisaidia NAFCO, shirika la serikali la kilimo, kulima ngano kuanzia Basotu hadi kukawa na mashamba saba, Setchet na Mulbadaw yakiwemo, juu ya malisho ya Wabarabaig, na mgogoro ukafika mahakamani. Nchi zote mbili zilikuwa zinajitengenezea kompyuta zao wenyewe. Norwei ilikuwa na Tiki-100 ya mwaka 1984, iliyokusudiwa shule zake. Mwaka huohuo jimbo la Ontario lilianza kupokea ICON, kompyuta ya shule iliyoundwa kwa masharti ya jimbo. Shule za kwao zilipewa kompyuta. Hanang ililetewa matrekta na mashine za kuvuna. Siwalaumu kwa hilo. Trekta hubeba dizeli yake na kwenda nayo shambani, lakini Tiki-100 bila soketi ya umeme ni sanduku tupu.

Kwa hiyo wanaodai amri ya 1974 ilitunyima kizazi cha wabunifu wana hoja wakiisemea Dar es Salaam, palipokuwa na umeme, chuo kikuu na wenye jamaa Ulaya. Amri yenyewe ililegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980. Hanang isingepata Spectrum hata kama amri hiyo isingekuwapo. Kilichovuka kizingiti ni chombo kisichohitaji televisheni wala waya wa umeme ukutani. Nokia 1100 ya mwaka 2003, simu ya tochi, ilikuja na kioo chake, kumbukumbu yake, betri ya kukaa siku kadhaa na mchezo wa nyoka. Betri ikiisha, ulilipa kidogo kwenye kibanda cha kuchaji, ukaendelea na shughuli zako mnadani hadi ijae.